Kuyasikiliza Maji ya Mwilini: Fizikia Iliyomo Katika Kipimo cha MRI

Hotuba kwa wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita na walimu wao wa sayansi, jijini Dodoma

Ndugu walimu, wageni waalikwa, na ninyi wanafunzi ambao ndio hasa niliowafuata hapa: itifaki imezingatiwa, nami nawashukuru kwa kunikaribisha.

Katika kazi yangu ya kuhudumia mashine za picha za hospitalini, swali nililoulizwa na wagonjwa mara nyingi kuliko yote halihusu ugonjwa wala gharama. Mgonjwa anatolewa kwenye mashine ya MRI, anachomoa vizibo vya masikio, anakaa ukingoni mwa kitanda, kisha anauliza: "Hivi mle ndani mlikuwa mnagonga nini?" Mama mmoja mtu mzima, aliyeletwa na mwanawe kutoka upande wa Kondoa, aliniambia kwa upole kabisa kwamba alidhani mafundi walikuwa wanatengeneza mashine naye akiwa bado yumo ndani. Nilimpa pole, nikamwambia kwamba kelele ile ndiyo kazi yenyewe, lakini sikupata nafasi ya kumweleza kwa nini, kwa sababu mgonjwa mwingine alikwisha kufika mlangoni. Haya nitakayoyasema leo ndiyo ningemweleza mama yule kama tungekuwa na saa nzima mbele yetu.

MRI, kifupi cha maneno ya Kiingereza "magnetic resonance imaging", haipigi picha kwa maana tuliyoizoea. Kamera hupokea mwanga uliodunda kutoka kwenye vitu, na eksirei hupenyeza mionzi mwilini ikapima kivuli kinachobaki upande wa pili. MRI huyauliza maji ya mwilini swali kwa mawimbi ya redio, kisha hunyamaza na kusikiliza yanavyojibu. Jibu hilo ni hafifu mno. Naomba mlishike jambo hilo moja, kwa sababu karibu kila kitu kinachomshangaza mgonjwa, yaani ukubwa wa sumaku, baridi kali iliyofichwa ndani yake, chumba kilichozungushiwa shaba, muda mrefu wa kulala bila kutikisika, na hata kelele yenyewe, kina asili yake katika uhafifu wa jibu hilo au katika njia tunazotumia kulifasiri.

Tuanze na anayejibu. Zaidi ya nusu ya uzito wa mwili wa mtu mzima ni maji, na kila molekuli ya maji ina atomu mbili za haidrojeni. Kiini cha atomu ya haidrojeni ya kawaida ni protoni moja tu, haina mwenzake. Protoni ina chaji ya umeme, na ina sifa ambayo wanafizikia huiita spini. Sifa hizo mbili zikikutana, kila protoni huwa sumaku ndogo sana. Kwa hiyo mtu aliyeketi kwenye kiti mbele yangu amebeba sumaku zisizohesabika, lakini hatumwoni akivuta misumari, kwa sababu sumaku hizo zimeelekea kila upande na nguvu zao zinafutana.

Mwingize mtu huyo katika uga wa sumaku wenye nguvu, na mambo mawili yatatokea.

La kwanza ni kuyumba. Wale mliokulia vijijini mmecheza mchezo wa kuzungusha pia, na mmeona kwamba pia hiyo ikizunguka kwa kasi huku imeinama, haianguki papo hapo; mhimili wake huzunguka polepole ukichora duara hewani. Mvuto wa dunia unataka kuiangusha, mzunguko wake unakataa, na matokeo ya ubishi huo ni kuyumba kwa duara. Protoni iliyo ndani ya uga wa sumaku hufanya vivyo hivyo, na kasi ya kuyumba kwake hutegemea jambo moja kwa usahihi wa ajabu: nguvu ya uga pale protoni ilipo. Nguvu hiyo hupimwa kwa kizio kiitwacho tesla. Katika uga wa tesla 1, protoni huyumba mara milioni 42.58 kwa sekunde. Katika tesla 1.5, ambayo ndiyo nguvu ya mashine nyingi za hospitalini, huyumba karibu mara milioni 64, na katika tesla 3 karibu mara milioni 128. Uga ukiongezeka mara mbili, kasi nayo inaongezeka mara mbili. Uhusiano huu umeitwa kwa jina la Joseph Larmor, na kama kuna mstari mmoja ninaotaka muondoke nao katika madaftari yenu, ni huo, kwani ndio uliobeba mashine nzima.

La pili ni kupangika, na hapa ndipo uhafifu unapoingia. Vitabu vingi huchora protoni zote zikisimama wima ndani ya sumaku kama askari kwenye gwaride. Mchoro huo umewapotosha wanafunzi wengi, na mimi nilikuwa mmoja wao. Joto la mwili huzitikisa molekuli bila kukoma, na mtikisiko huo una nguvu kubwa mno kuliko ushawishi wa sumaku, kiasi kwamba zinazoelekea upande wa uga na zinazoelekea kinyume chake zinakaribia kuwa sawasawa. Katika tesla 1.5, ziada ya upande wa uga ni takriban protoni tano katika kila milioni. Nendeni Kibaigwa sokoni, wekeni magunia matatu ya mahindi ya kilo mia mia mbele yenu. Punje zilizomo zinakaribia milioni moja. Kati ya hizo zote, zenye kutusaidia ni kama tano. Zilizobaki zinafutana na hazitupi habari yoyote.

Kinachotuokoa ni wingi. Katika tone la maji lenye ujazo wa milimita moja ya mchemraba mna protoni nyingi kiasi kwamba hiyo ziada ya tano katika milioni inafika zaidi ya trilioni mia tatu. Sumaku hizo zikiunganisha nguvu zao zinakuwa kitu kinachoweza kupimwa, ingawa kwa shida.

Sasa mnaweza kuona kwa nini sumaku ni kubwa. Ziada ile huongezeka kadiri uga unavyoongezeka. Hapa kwetu Tanzania ya kati, uga wa sumaku ya dunia, ule unaogeuza sindano ya dira, una nguvu ya sehemu thelathini na kitu tu katika milioni ya tesla moja. Sumaku ya tesla 1.5 inaupita uga huo zaidi ya mara elfu arobaini. Kuupata uga wa namna hiyo katika tundu linalomtosha mtu mzima, tena uwe sawasawa kila mahali isipokuwa kwa tofauti ya sehemu chache katika milioni, ni kazi ambayo waya wa shaba wa kawaida hauiwezi bila kuungua. Kwa hiyo hutumika waya wa mchanganyiko wa niobiamu na titaniamu uliozamishwa katika heliamu ya kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri ya Selsiasi. Katika baridi hiyo waya hupoteza ukinzani wake wote wa umeme. Mkondo ukishaingizwa na ncha za waya zikaunganishwa, unaendelea kuzunguka miaka na miaka bila kuongezewa.

Nakaa kidogo hapo, kwa sababu jambo hili lina madhara makubwa. Umeme ukikatika, taa zinazimika, kompyuta zinazimika, lakini sumaku haizimiki. Usiku wa manane, chumba kikiwa kimefungwa na hakuna mtu, sumaku iko kazini vilevile. Katika miaka yangu ya mwanzo, kwenye hospitali moja, nilimwona mhudumu akiingia chumbani kufuta sakafu akiwa na mkasi katika mfuko wa koti lake. Alipokuwa hatua tatu hivi kutoka kwenye tundu, mfuko uliinuka wenyewe ukaelekea mbele kana kwamba kuna mkono unauvuta. Kabla hajaushika, mkasi ulichomoka na kugonga uso wa mashine. Kwa rehema za Mungu hakukuwa na mgonjwa kitandani. Bango la onyo lilikuwepo mlangoni, herufi kubwa nyekundu, lakini lilikuwa la Kiingereza kitupu, na yule dada hakuwa msomaji wa Kiingereza. Siku ile ndipo niliponuia kwamba fizikia hii lazima isemwe kwa Kiswahili, na isemwe sawasawa, kwa kila mtu anayepita karibu na mashine hizi.

Turudi kwenye swali na jibu. Ziada yetu ya protoni imeelekea upande mmoja na uga mkubwa, na ikiwa imetulia hivyo hatuwezi kuitambua, kwa kuwa inamezwa na uga wenyewe. Ni lazima tuilaze. Mtoto aliye kwenye bembea husukumwa kidogo tu, lakini kila msukumo ukifika kwa wakati wake, bembea hupanda juu. Ukisukuma ovyo, hata kwa nguvu, unaivuruga tu. Hiyo ndiyo resonansi, na herufi ya katikati katika jina MRI inasimama kwa neno hilo. Mashine hutuma mawimbi ya redio yenye masafa yaleyale ya kuyumba kwa protoni, megahezi 64 kwa sumaku ya tesla 1.5, kwa muda wa sehemu chache katika elfu za sekunde au hata chini ya hapo. Misukumo hiyo, kwa kuwa inalingana na mwendo wa protoni, huilaza sumaku yao ya pamoja mpaka izunguke ubavuni.

Kisha mawimbi yanakatwa na mashine inasikiliza. Sumaku inayozunguka karibu na koili ya waya huzalisha umeme katika koili hiyo. Dainamo ya baiskeli huwasha taa kwa njia hiyo, na mitambo ya bwawa la Mtera huzalisha umeme kwa njia hiyohiyo. Tofauti ni ya kiwango tu. Mtera ina megawati 80, ilhali koili ya MRI iliyowekwa juu ya goti la mgonjwa hupokea umeme mdogo sana unaohitaji kukuzwa kwa uangalifu. Redio za FM tunazosikiliza zinaanzia megahezi 88 na kuishia 108, jirani kabisa na masafa yetu, na mawasiliano mengine yamejaa pande zote. Ndiyo maana kuta, dari na sakafu ya chumba hufunikwa kwa shaba, na mlango hufungwa kwa kubana: tunazuia kelele za dunia ili tusikie mnong'ono wa maji.

Fizikia hii ilijulikana mapema. Isidor Rabi aliipima katika miali ya molekuli mwaka 1938. Mwaka 1946 makundi mawili nchini Marekani, moja la Felix Bloch na jingine la Edward Purcell, yalitangaza kwamba yameipata katika vitu vya kawaida: Bloch katika maji, Purcell katika nta ya parafini, na mwaka 1952 wote wawili wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Lakini kwa miaka mingi baada ya hapo hakukuwa na picha. Jibu la protoni lilikuwa linasema "tupo", halisemi "tupo wapi". Mtu mzima angelala ndani ya sumaku, na kichwa, ini na goti vyote vingejibu kwa sauti moja.

Aliyefungua njia ni Paul Lauterbur, katika makala yake ya mwaka 1973, na wazo lake ni la kushangaza kwa wepesi wake. Wahandisi walikuwa wanahangaika kuufanya uga uwe sawa kila mahali. Yeye aliuharibu usawa huo kwa makusudi na kwa mpangilio. Uga ukiwa na mteremko, hafifu upande mmoja na mkali zaidi upande wa pili, basi kwa mujibu wa ule mstari wa Larmor, protoni za kila mahali huyumba kwa masafa yake. Chukueni ilimba, ile ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, ambayo vyuma vyake vimepangwa kutoka kushoto kwenda kulia, kutoka mrefu hadi mfupi. Mtu akipiga chuma kimoja nanyi mmefumba macho, sauti peke yake itawaambia ni chuma kipi na kimekaa wapi. Mteremko wa uga huugeuza mwili wa mgonjwa kuwa ilimba ya namna hiyo. Kwa mteremko wa sehemu kumi katika elfu ya tesla kwa kila mita, sehemu mbili za ubongo zinazoachana kwa milimita moja hutofautiana kwa mizunguko 426 hivi kwa sekunde, kati ya milioni 64. Ni tofauti ndogo, lakini inapimika.

Kinachoingia kwenye koili ni sauti zote kwa pamoja, kama vyuma vyote vya ilimba vikipigwa mara moja. Kuzitenganisha ni kazi ya hesabu aliyoiasisi Mfaransa Joseph Fourier mwanzoni mwa karne ya 19 alipokuwa akichunguza joto. Kompyuta hupokea wimbi lililochanganyika, na hutoa orodha ya masafa yaliyomo na ukubwa wa kila moja. Orodha hiyo, kwa kuwa masafa ni mahali, tayari ni mstari wa picha. Mteremko hubadilishwa upande mara nyingi, juu na chini, kushoto na kulia, mpaka ramani nzima ikamilike. Picha ya kwanza ya Lauterbur ilikuwa ya mirija miwili myembamba ya maji. Peter Mansfield wa Uingereza alionyesha namna ya kuifanya kazi hiyo kwa hesabu thabiti na kwa haraka zaidi, na mwaka 2003 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Na hapa, mama yangu wa Kondoa, ndipo penye jibu lako. Miteremko ile huzalishwa na koili zilizofichwa kuzunguka tundu, zinazopitishiwa mkondo wa mamia ya ampea, unaowashwa na kuzimwa haraka haraka. Waya wenye mkondo, ukiwa ndani ya uga wa sumaku, husukumwa. Mkondo ukigeuka, husukumwa upande mwingine. Koili zimeshikiliwa imara kwa gundi ngumu, lakini misukumo ni mikubwa, hivyo pipa lote linatikisika na kugonga hewa kama ngozi ya ngoma. Tulikuwa tunabadilisha mteremko ili tujue kila tone la maji lako liko wapi.

Hata hivyo, kujua maji yako wapi hakutoshi, kwa maana maji yamo karibu kila mahali mwilini. Uwezo mkubwa wa MRI, ambao mimi kwa mtazamo wangu nauweka juu kuliko ukali wa picha zake, ni kutambua maji yako katika hali gani. Baada ya kulazwa, protoni huanza kutulia, na hutulia kwa namna mbili zenye kasi tofauti.

Namna ya kwanza, inayopimwa kwa muda uitwao T1, ni kurudi kuelekea uga kwa kukabidhi nishati kwa molekuli zinazozizunguka. Katika mafuta kazi hiyo huchukua kama robo ya sekunde. Katika maji huru yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo, molekuli hupinduka kwa kasi mno kiasi cha kutoweza kupokea nishati hiyo kwa urahisi, na muda hufika kama sekunde nne.

Namna ya pili ni T2. Hebu wafikirieni akina mama wa Kigogo wakipiga ngoma ya muheme. Wakianza pamoja, mdundo husikika kijiji cha pili. Tuseme kila mmoja amezibwa masikio, hasikii wenzake. Kila mmoja ataendelea kupiga kwa nguvu ileile, lakini mmoja atatangulia kidogo, mwingine atachelewa kidogo, na baada ya muda mdundo wa pamoja utapotea ingawa hakuna aliyeacha kupiga. Protoni nazo huachana hivyo, kwa sababu kila moja husumbuliwa na sumaku ndogo za majirani zake. Katika sehemu nyeupe ya ubongo huachana ndani ya sehemu 80 hivi katika elfu za sekunde. Katika maji huru hudumu pamoja zaidi ya sekunde nzima.

Mchukua picha huchagua lini aulize na lini asikilize, na kwa uchaguzi huo maji yaleyale huonekana meusi au meupe. Uvimbe uliojaa maji huru, ambao eksirei isingeuonyesha kabisa, hung'aa katika picha ya T2 kwa sababu maji yake bado yanajibu wakati nyama iliyo pembeni imekwisha kunyamaza. Mfupa mgumu hubaki mweusi. Una maji kidogo, na yaliyomo hunyamaza upesi. Kwa kuwa jibu ni hafifu, swali hurudiwa mara nyingi na majibu hujumlishwa, na mgonjwa akisogea katikati, majibu hayalingani tena. Ndiyo maana twawasihi walale tuli kwa dakika ishirini, thelathini, wakati mwingine zaidi.

Kuhusu mionzi nitasema kwa ufupi, kwa kuwa hofu ni kubwa na jambo lenyewe ni jepesi. Nishati ya chembe moja ya wimbi la megahezi 64 ni ndogo kuliko ya mwanga wa taa hizi kwa mara milioni kadhaa, na haiwezi kuvunja molekuli za mwili. Yanayohitaji uangalifu ni mengine: vyuma na vifaa vya umeme vilivyopandikizwa mwilini, kama kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo, na joto linaloletwa na mawimbi ya redio, ambalo mashine huliwekea mpaka.

Nimeacha jambo moja la mwisho, na ndilo lililo ndani ya kisanduku hiki mezani. Nimekuja na chupa ya maji ya nusu lita, waya wa shaba niliouzungusha kuizunguka mara mia kadhaa, betri, kikuza sauti na spika. Hakuna heliamu. Nitapitisha mkondo katika koili kwa sekunde kama tano ili protoni za maji zipangike kwa kiasi, kisha nitaukata ghafla. Utakaobaki ni uga wa dunia peke yake, na katika uga wa hapa Dodoma protoni huyumba takriban mara 1,400 kwa sekunde. Hayo ni masafa ambayo sikio la mwanadamu linayasikia. Wachunguzi wa maji ya ardhini hutandaza kitanzi cha waya chenye upana wa makumi ya mita juu ya ardhi na kuyauliza maji yaliyo chini kwa njia hiyohiyo. Mchanga wenye nafasi kubwa hujibu kwa muda mrefu, mfinyanzi hunyamaza mapema, sawasawa na tofauti niliyowaeleza ya maji huru na nyama.

Humu ukumbini mabati na nyaya za umeme vitatuvuruga. Kwa hiyo, kwa ruhusa ya walimu, tutoke twende kule mwisho wa uwanja, mbali na nguzo. Acheni simu na funguo hapa mezani. Sogeeni karibu na spika na mnyamaze, kwa sababu mlio wenyewe ni mwembamba, unaanza mara tu mkondo unapokatwa, na baada ya sekunde mbili au tatu unakuwa umekwisha.